Jibu kwa Dada: JROTC, West Point na Kijana Unayetaka Kumleta Marekani

Dada yangu mpendwa, pamoja na ndugu wengine mlioleta swali hilohilo kupitia kwake, shikamooni.

Umeniuliza kama kijana wako, ambaye sasa yuko kidato cha pili, anaweza kuja kukaa nasi hapa Texas, akaandikishwa katika sekondari yenye mafunzo ya ukadeti yanayoitwa JROTC, kisha kupitia mafunzo hayo akapendekezwa kuingia West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani, asome bure na kuhitimu akiwa afisa. Umeniambia pia kwamba kuna mtu hapo Morogoro anawahakikishia wazazi kuwa njia hiyo ipo, na kwamba yeye ana watu wa kuwaunganisha nao. Nakujibu moja kwa moja kwa kuwa ni mtoto wetu sote: kwa namna mlivyoelezwa, jambo hilo haliwezekani, na mtu huyo asipewe hata shilingi. Pendekezo la kuingia chuo cha kijeshi cha Marekani haliuzwi, kuliomba hakuna ada, na hakuna kishoka yeyote, wa huko wala wa huku, mwenye uwezo wa kulipata kwa niaba ya mtu.

JROTC yenyewe ni kitu halali na kizuri. Chimbuko lake ni sheria ya ulinzi wa taifa ya mwaka 1916, na leo ina vikosi zaidi ya 3,000 katika sekondari za nchi nzima, vikifundishwa hasa na wanajeshi wastaafu. Mwanafunzi hulisoma somo hilo kama anavyosoma historia au hisabati: hujifunza uongozi, uraia, gwaride, huduma ya kwanza na kusoma ramani, na kwa kawaida huvaa sare siku moja kwa juma. Msiifananishe na JKT, kwa maana hakuna mkataba wowote, na anayemaliza hadaiwi siku hata moja ya utumishi jeshini. Binti yangu aliisoma tangu darasa la tisa hadi la kumi na mbili. Usiku wa kuamkia siku ya sare, meza yetu ya chakula iligeuka meza ya pasi, naye alishika rula akipima umbali kati ya kibao cha jina na mshono wa mfuko, kwa sababu mkaguzi asubuhi yake angekuja na rula kama hiyo. Mimi mzazi nilipenda kuona mtoto akijifunza kuwajibika kwa jambo dogo bila kusukumwa.

Lakini sare hiyo haimpeleki mtu West Point. Marekani ina vyuo vitano vya kuandaa maofisa: cha jeshi la nchi kavu kilichoko West Point, New York, kilichoanzishwa mwaka 1802, cha wanamaji kilichoko Annapolis, Maryland, cha mwaka 1845, cha jeshi la anga kilichoko karibu na Colorado Springs, cha maofisa wa meli za biashara kilichoko Kings Point, New York, na cha walinzi wa pwani kilichoko New London, Connecticut. Hicho cha mwisho hakihitaji pendekezo la mtu yeyote, ilhali vinne vya kwanza humtaka mwombaji awe amependekezwa na mwenye mamlaka ya kupendekeza, na kwa watu wa kawaida kama sisi mamlaka hayo yako kwa mbunge wa eneo analoishi mwombaji na kwa maseneta wawili wa jimbo lake. Kwa vyuo vya nchi kavu, majini na anga, Makamu wa Rais naye anaweza kuombwa. Kila mbunge na kila seneta huruhusiwa kuwa na kadeti wasiozidi 5 kwa wakati mmoja katika kila kimoja cha vyuo hivyo vitatu, kwa hiyo kwa mwaka hupata nafasi moja au zaidi kidogo, na kwa kila nafasi hupeleka orodha ya majina ili chuo kichague. Kupendekezwa, basi, si kupokelewa. Wengi hupendekezwa na kuishia hapo.

Sasa JROTC inaingia wapi? Sheria imetenga nafasi zisizozidi 20 kwa mwaka, katika kila kimoja cha vyuo hivyo vitatu, kwa ajili ya wanaotoka katika mafunzo ya ukadeti ya vyuo vikuu na ya sekondari pamoja na shule maalumu za kijeshi. Mwalimu mkuu wa kikosi cha JROTC kilichofikia daraja la juu la heshima anaweza kuwapendekeza wanafunzi wake wachache washindanie nafasi hizo. Piga hesabu mwenyewe, Dada: vikosi zaidi ya 3,000, na nafasi 20. Mlango upo, lakini hakuna mzazi mwenye akili timamu anayepanga maisha ya mwanawe kwa kutegemea mlango huo peke yake. Faida ya kweli ya JROTC ni kwamba inampa kijana mambo ya kuonyesha mbele ya kamati ya mbunge inayowahoji waombaji: ameongoza wenzake, ameaminiwa na kikosi, na yuko afisa mstaafu anayemfahamu kwa miaka kadhaa ambaye ataandika barua ya kumshuhudia.

Hayo yote hutanguliwa na sharti moja ambalo mtu wenu wa Morogoro hakulitaja. Mwombaji lazima awe raia wa Marekani ifikapo tarehe 1 Julai ya mwaka anaoingia chuoni. Lazima pia awe ametimiza miaka 17, asiwe na mume wala mke, asiwe mjamzito, wala asiwe na mtoto anayemtegemea. Nduguye kuwa raia hakumsaidii. Mimi nimeshakuwa raia, lakini siwezi kumpa uraia mtoto wa dada yangu kwa kumlaza nyumbani kwangu, hata mahakama ikinipa ulezi wake. Kumuasili, ili sheria ya uhamiaji ikutambue, kwa kawaida hutakiwa kukamilike kabla hajatimiza miaka 16, kuna masharti mengine mazito juu yake, na maana yake kisheria ni kwamba wewe si mama yake tena. Sidhani kama unalitaka hilo, nami silitaki. Nikikuombea wewe viza kama ndugu yangu, foleni yake huchukua zaidi ya miaka kumi, na kijana akivuka miaka 21 huenda akaachwa nje ya maombi yako.

Viza ya kutembelea haimruhusu kuwa mwanafunzi wa kudumu. Viza ya mwanafunzi kwa sekondari ya umma haizidi miezi 12, na familia lazima ilipe gharama kamili za masomo yake kwa kipindi hicho. Ukiona mtoto wa fulani alikuja kwa viza ya matembezi na leo amevaa sare ya kadeti, jua kwamba shule za umma huku haziruhusiwi kumnyima mtoto elimu kwa sababu ya hati zake za uhamiaji, kutokana na hukumu ya Mahakama ya Juu ya mwaka 1982. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Mtoto anapokelewa, anasoma, anapendwa na walimu, pengine anapandishwa cheo cha ukadeti, na hakuna anayemuuliza kitu. Swali linakuja akiwa darasa la kumi na mbili, fomu inapodai uthibitisho wa uraia, na wakati huo hana hadhi ya kisheria ya kuishi hapa, hana ruhusa ya kufanya kazi, na akiondoka nchini anaweza kuzuiwa kurudi kwa miaka mingi. Sitashiriki kumfanyia hivyo mtoto wako.

Hata walio hapa kihalali hukwama kwenye sharti hilohilo. Jirani yetu mmoja, mzee mwema kutoka Fizi huko Kongo, aliletwa na familia yake kama wakimbizi baada ya kuishi miaka mingi kambini Nyarugusu. Mwanawe alikuwa kamanda wa kikosi cha JROTC shuleni kwao, na alama zake zilikuwa nzuri. Baba angeweza kuomba uraia baada ya miaka mitano, na kwa kuwa kijana alikuwa na grinikadi, yaani kadi ya ukaazi wa kudumu, na aliishi naye, uraia wa baba ungempa na yeye uraia papo hapo kabla hajafikisha miaka 18, kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 2001. Mzee aliuogopa mtihani wa Kiingereza, akaahirisha hadi kijana akavuka miaka 18, na kuanzia hapo ikambidi kijana aanze maombi yake mwenyewe. Kwa bahati nzuri, mwenye grinikadi anaweza kujiunga na jeshi kama askari wa kawaida, na uraia humjia kwa haraka zaidi akiwa kazini. Kisha akiwa raia anaweza kuomba West Point kutoka humohumo jeshini, kwa maana kuna nafasi 85 kwa askari wa kudumu na 85 kwa wale wa akiba kila mwaka. Kijana ameichagua njia hiyo, nami namuombea.

Kwetu mambo yalikwenda hivi. Binti alifungua maombi ya chuo akiwa bado darasa la kumi na moja, kisha akaandika maombi mengine, moja moja, kwa mbunge, kwa kila seneta na kwa Makamu wa Rais, kwa sababu kila ofisi ina fomu zake na tarehe yake ya mwisho, nyingi zikiangukia Septemba na Oktoba. Kulikuwa na mtihani wa taifa wa Kiingereza na hisabati, barua za walimu, na uchunguzi wa afya ambao huwaangusha vijana wazima kabisa. Kwa mfano, pumu iliyoendelea baada ya umri wa miaka 13 ni kizuizi mpaka upewe msamaha maalumu. Kulikuwa pia na jaribio la viungo, na kipengele kimoja ni kupiga magoti yote mawili na kurusha mpira wa kikapu mbali uwezavyo bila kuinuka. Tulikuwa tukienda kwenye maegesho ya magari jioni, yeye akipiga magoti juu ya taulo, mimi nikiukimbilia mpira na kuweka alama ya chaki ulipoangukia.

Mbele ya kamati ya mbunge aliulizwa kwa nini anataka kuongoza askari, na halafu akaulizwa atafanya nini asipopata nafasi. Swali hilo la pili ndilo linalowachuja wanaotafuta elimu ya bure tu. Yeye alijibu kwamba atakwenda chuo kikuu cha kawaida na kusomea uafisa kupitia ROTC, yaani mafunzo ya ukadeti ya vyuo vikuu. Alipata pendekezo la mbunge, lakini West Point haikumpa nafasi. Leo yuko chuo kikuu kwa ufadhili wa ROTC, na atatunukiwa kamisheni ileile ya luteni usu. Alilia siku ile barua ilipofika, nami sikumlaumu, ila sioni kwamba amepoteza kitu.

Neno hilo la bure, Dada, lisikupoteze. Ni kweli kwamba kadeti halipi ada, chakula, malazi wala matibabu kwa miaka minne, na hupewa posho kila mwezi. Lakini posho hiyo hukatwa kwa ajili ya sare, vitabu na kompyuta, kwa hiyo ndugu wa nyumbani asitegemee kutumiwa pesa kutoka humo. Anapoanza mwaka wa tatu anafungwa na ahadi ya kutumikia angalau miaka 5 ya kazi kamili jeshini, na miaka mingine 3 katika akiba, na akiiacha njiani anaweza kudaiwa gharama zote. Atapelekwa anakotumwa, pamoja na vitani. Kwa Mtanzania mtu mzima, kuchukua uraia wa Marekani ni kuupoteza wa Tanzania, kwani sheria yetu hairuhusu uraia pacha. Ndugu zetu wa Kenya wana nafuu tangu Katiba ya mwaka 2010. Na katika uchunguzi wa usalama afisa huandika majina ya ndugu zake walio nje, kwa hiyo wewe na mimi tutakuwa ndani ya fomu hizo. Kwangu mimi hayo ni mambo mazito ambayo kijana mwenyewe lazima ayatake kwa moyo wake, wala si mzazi wala mjomba wa kumtakia.

Kama kijana wako anautaka uafisa kweli, amalize kidato cha sita akiwa nyumbani, akazanie hisabati, fizikia na Kiingereza. Ipo njia ya JWTZ na Monduli, ambayo ni ya heshima na ni ya nchi yake. Na ipo njia moja halali ya kufika West Point akiwa bado Mtanzania: sheria ya Marekani inaviruhusu vyuo vile vitatu kuwa na wanafunzi wa kigeni wasiozidi 60 kwa wakati mmoja katika kila chuo, kutoka nchi zinazoalikwa, na maombi hupitia ubalozi wa Marekani katika nchi ya mwombaji. Mhitimu hurudi kutumikia jeshi la kwao. Nafasi ni chache mno, lakini kuuliza ubalozini Dar es Salaam ni bure, na aulize yeye mwenyewe, mapema, bila mtu wa kati.

Kuhusu binti wa shemeji aliyeko Ohio, ambaye ana miaka 16 na grinikadi, hali yake ni tofauti kabisa. Mwambie baba yake kwamba kama ametimiza miaka mitano, ajaze fomu ya uraia mwezi huu, asisubiri Kiingereza chake kiwe kizuri zaidi, kwa maana maswali ya mtihani yamechapishwa na sisi tutamfundisha kwa simu kila Jumapili. Akishaapa, amwombee binti pasipoti ya Marekani mara moja, kwa kuwa hiyo ndiyo itakayothibitisha uraia wake. Nipe namba yake nimpigie mwenyewe.