Likizo ya uzazi: wiki 14, si 12
Kiwango cha chini cha kimataifa ni wiki 14. Hizo wiki 12 ambazo bado hutajwa zilikuwa za mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa 1952. Mkataba namba 183 wa 2000 ulizipandisha, na malipo yasipungue theluthi mbili ya mshahara wa awali. Mtoto akichelewa kupita tarehe ya makadirio, siku zilizozidi huongezwa, hazikatwi kwenye wiki sita za lazima baada ya kujifungua. Hapo ndipo wahasibu wengi huchemka. Ila mkataba huo unaibana nchi iliyouridhia tu. Kama yenu bado, chama cha wafanyakazi kiviingize vifungu hivyo kwenye mkataba wa hali bora (makubaliano yake na mwajiri), na mjamzito abaki na nakala ya cheti cha daktari iliyogongwa muhuri wa mapokezi kazini, mwajiri asije akadai hakujua.