Gari Linalogoma Kuwaka Mara Mojamoja: Kwa Fundi Anayeanza Kazi

Gari lisilowaka kabisa halina shida kubwa. Ubovu wake upo palepale, ukipima utaukuta. Linalosumbua ni lile linalofika gereji likiendeshwa, mwenyewe anasema asubuhi liligoma, halafu wewe ukizungusha ufunguo linawaka bila tabu. Hapo ndipo mafundi wachanga huanza kubahatisha: leo betri, kesho stata (mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha), keshokutwa pampu ya mafuta. Mteja analipia vyote hivyo na gari linagoma tena. Mdogo wangu, usifungue hata nati moja kabla hujajua gari hilo likigoma linafanya nini.

Kwa hiyo anza na maswali. Muulize mwenye gari: likigoma, injini inazunguka ila haishiki, au haizunguki kabisa? Wengi hawatofautishi, basi mwombe aige sauti yenyewe. Usione haya kuomba hivyo. Kimya kitupu ni habari moja, "tak" moja nzito ni nyingine, "tak-tak-tak" ya haraka ni nyingine, na injini inayozunguka bila kushika ni nyingine kabisa. Muulize pia linagoma likiwa baridi au baada ya safari ndefu, na taa za dashibodi zinafifia au zinabaki kama zilivyo.

Likiwa halizunguki na linatoa "tak-tak-tak", umeme haufiki wa kutosha. Betri nzima iliyotulia husoma karibu volti 12.6, stata ikipigwa isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka, ichaji kwanza ndipo uihukumu. Betri ikiwa nzima, usikimbilie stata. Pima njia ya umeme, na hapa naomba utulie, kwa sababu ndipo ubovu wa kujificha hupenda kukaa.

Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta ili injini izunguke bila kuwaka. Vuta breki ya mkono, gia iwe P au huru. Ncha moja ya mita iweke kwenye nguzo hasi ya betri, nguzo yenyewe, si terminali iliyoishika. Ncha ya pili iguse bodi ya stata. Mwenzako apige stata kwa sekunde chache. Mita ikizidi volti 0.2 hivi, arthi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, ina kasoro: terminali imeota ukungu, boliti imelegea, au waya umeoza ndani ya ganda lake. Kisha pima upande wa chanya, toka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya stata. Huko isizidi volti 0.5. Usitegemee kipimo cha omu kwenye nyaya hizi. Waya uliobakiwa na nyuzi chache utaonekana mzima kwa omu, lakini stata ikidai ampea mia na zaidi, unashindwa.

"Tak" moja huku taa zinang'aa na vipimo hivyo viko sawa, hapo ishuku stata: shaba za ndani ya selenoidi (swichi nzito ya umeme ya stata) zimelika, au kaboni zimekwisha. Ukiigonga kidogo ikazunguka, umepata ushahidi, hujatengeneza. Kimya kitupu kinakupeleka kwenye swichi ya ufunguo, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme), au swichi ya gia, ile inayoruhusu stata gia ikiwa P au N tu. Gari la otomatiki jaribu kuliwasha kwenye N. Likiwaka N na kugoma P, umekaribia sana.

Injini ikizunguka bila kushika, tazama kwanza kama taa ya ufunguo kwenye dashibodi inamweka, maana huenda gari halikuutambua ufunguo. Sikiliza pampu ikivuma kwa sekunde mbili hivi ufunguo ukiwa ON. Linalogoma likiwa moto na kuwaka likipoa, mshukiwa wangu wa kwanza ni sensa ya krankishafti, inayoiambia kompyuta kuwa injini inazunguka. Sensa hiyo ikikata, kwenye magari mengi mshale wa mizunguko hautikisiki wakati wa kupiga stata. Rilei yenye lehemu iliyopasuka nayo ina tabia hiyohiyo. Soma kodi za kompyuta kabla ya kuchomoa betri, la sivyo unaweza kufuta ushahidi wako mwenyewe.

Na likikataa kabisa kugoma mbele yako? Likiwa ni lile lisilozunguka, vuta waya mwembamba wenye fyuzi kutoka kwenye waya mdogo wa selenoidi, uingize ndani, ufunge balbu ndogo mbele ya dereva, upande wa pili arthi. Mwache aondoke nalo. Siku likigoma aitazame balbu wakati anazungusha ufunguo. Ikiwaka na stata ikanyamaza, amri imefika: shughulika na stata na nyaya zake nene. Isipowaka, acha stata ilipo, rudi kwenye swichi, rilei na gia.