Gitaa la fundi asiyejulikana: jina lisikutishe, spea ndo zikutishe

Wadau wa Kanda ya Ziwa habari zenu. Mara kwa mara mtu ananitumia picha wasap ya gitaa la umeme la mtumba afu anauliza "kaka hii vipi, nichukue?" na nikivuta picha nione kichwani pameandikwa nini nakuta jina ambalo hata mimi ndo naliona leo. Sio Fender, sio Gibson, sio Yamaha wala Ibanez. Mwanza haya magitaa yapo kuliko watu wanavyodhani, mengine yanaachwa na wageni wa mashirika ambao mkataba ukiisha wanauza kila kitu mpaka jiko la gesi, mengine yametumwa na ndugu zetu walioko nje, mengine yanatokea Dar na hata muuzaji mwenyewe hajui ameshika nini.

Watu wengi hapo wanakimbia. Mimi nasema usikimbie, ila usiangalie kile ambacho kila mtu anaangalia. Gitaa ninalopigia sasa hivi kanisani na kwenye shughuli za hotelini ni la karakana ndogo ya Uingereza, jina silitaji maana halitakusaidia, huwezi kukutana nalo tena Kirumba wala Igoma. Nilichojifunza nalo ni hiki: jina la fundi linaweza lisijulikane kabisa na gitaa likawa zuri sana, lakini spea zake lazima zijulikane. Hapo ndo pa kukomaa napo.

Kwanza tuelewane hawa mafundi wadogo ni kina nani. Kuna ambao wapigaji wanawajua vizuri ila mtaani kwetu hawajulikani, kama Gordon Smith wa Uingereza walioanza miaka ya 1970 upande wa Manchester, Duesenberg wa Hannover Ujerumani, Nik Huber naye Mjerumani, au Suhr na Tom Anderson wa California. Hao bei zao huko nje ziko juu hata likiwa la mtumba, kwahiyo ukiliona linauzwa bei ya gitaa la kujifunzia jiulize mara mbili limetoka wapi. Chini yao kuna mafundi kibao ambao ni mtu na msaidizi wake, wanatengeneza magitaa machache kwa mwaka kwa oda, na hao ndo wa bei nzuri kwako. Linapokuwa jipya mteja analipia saa nyingi za mikono ya mtu, likishakuwa la mtumba wanaolijua ni wachache basi bei inaporomoka hata kama freti, vile vyuma vinavyokatisha shingo, zimemaliziwa vizuri kuliko la kiwandani. Halafu kuna faida moja watu hawaiwazi, feki. Anayefoji gitaa anaandika Gibson au Fender kichwani, hakuna mtu atajisumbua kufoji jina ambalo halimuuzii. Kinachoweza kutokea ni mtu kuunga bodi ya huku na shingo ya kule afu akabandika stika, hiyo utaiona ukifungua, nakuja huko.

Hasara yake nayo ni moja na ni kubwa: siku ukikwama ada ya mtoto ukataka kuliuza, Mwanza hakuna wa kulinunua haraka. Kwahiyo mimi bei sipangi kwa kuangalia lilikuwa shilingi ngapi jipya, nauliza kesho nikilitupia kwenye magrupu ya wanamuziki mtu atanipa ngapi bila kujua jina. Muuzaji atakuonyesha mtandaoni linauzwa paundi elfu mbili, sawa, hiyo ni bei mtu anayoomba, wewe tafuta zile zilizokwisha kuuzwa, mara nyingi utakuta zimeuzwa kwa hela ndogo zaidi, na huyo aliyenunua anaishi kwenye mji wenye mafundi wa gitaa mtaa kwa mtaa.

Hili la kwangu nililipata kwa mzee mmoja wa Bwiru, mtoto wake alikuwa anaishi Uingereza akalileta afu akahama tena akaliacha. Nilifika na mita ya fundi, tochi ya simu na kebo yangu mwenyewe. "Shikamoo mzee wangu." "Marahaba kijana, hilo hapo juu ya kochi, lipige." Nikamwambia mzee nikianza kulipiga nitalipenda, na nikilipenda nitashindwa kubisha bei, niache kwanza nilikague. Akacheka akaagiza chai.

Kukagua naanzia kichwani, pale nyuma ambapo kichwa kinaungana na shingo. Magitaa ambayo kichwa kimelala nyuma kwa mtindo wa Gibson, hasa ya mahogani, yakianguka yanakatika hapo hapo, sasa mulika tochi ubavuni kwa kuilaza, sio kwa kuielekeza moja kwa moja, ufa uliobandikwa unaonekana kama unywele kwenye rangi, pitisha na kucha usikie. Kichwa kilichobandikwa vizuri kinaweza kukaa miaka mingi tu bila shida, ila bei lazima ianguke, na muuzaji anayesema "hiyo ni rangi tu imepasuka" mwambie sawa ila bei tuongee upya. Kuwa makini pia maana rangi za nitro, zile za kizamani za nitroselulosi, kweli zinapasuka vinyufa vidogo vidogo zikizeeka, tofauti ni kwamba vile vinasambaa mwili mzima, ufa wa mbao unakaa sehemu moja na unafuata mkato wake.

Afu shingo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko wote, kwenye freti ya kwanza na mkono mwingine bonyeza pale shingo inapoingia kwenye bodi, angalia katikati kwenye freti ya saba au ya nane. Panatakiwa pawe na nafasi ndogo sana, kama unene wa uzi wa kwanza, robo milimita hivi. Uzi ukiwa umelala kabisa shingo imenyooka kabisa au imepindia nyuma, ukiona nafasi inapitisha kadi ya benki shingo imevutwa mbele na nyuzi, na usishangae maana seti ya kawaida ya nyuzi za 10 mpaka 46 (huo ni unene kwa elfu za inchi) ikishatuniwa inavuta shingo kwa nguvu ya kilo 45 na zaidi, masaa 24. Kupinda sio ugonjwa, ndo maana kuna trasrodi, ile fimbo ya chuma ndani ya shingo. Ugonjwa ni trasrodi iliyokwisha kukazwa mpaka mwisho. Kwahiyo muombe mwenye gitaa ruhusa uguse kidogo, robo mzunguko kulegeza afu robo kurudisha, usikie kama kuna uhai.

Na hapa ndo suala la spea linaanza. Kila gitaa lina spana yake ya trasrodi. Mengi ya Asia ni alenki ya milimita 4, Gibson ni ya boksi ya inchi 5/16, Fender ni alenki za inchi za 1/8 au 3/16 kutegemea modeli. Fundi mdogo anaweza akaweka chochote alichoona kinafaa siku hiyo. Kama spana haipo kwenye keisi usiseme nitatafuta, itafute kwanza ndo ulipe, maana alenki ya inchi na ya milimita zinakaribiana sana, ukilazimisha ya milimita unakula kona zote, na kutoa trasrodi iliyoliwa Mwanza ni kesi nyingine kabisa.

Hivo hivo kwenye briji, pale nyuzi zinapokalia kwenye bodi. Kuna siku niliitwa Nyegezi kuangalia gitaa moja zuri ajabu, mbao inang'aa, shingo inateleza, ila briji alilibuni fundi mwenyewe na kitandiko kimoja cha uzi kilikuwa kimepotea. Kimoja tu. Hakuna briji nyingine duniani yenye umbo lile, na fundi alishafunga karakana. Nikaliacha. Wakati gitaa lenye briji la kawaida, lile la misumari miwili iliyoachana milimita 74 hivi au lile la mtindo wa Strat ya Fender, spea unaagiza mtandaoni, au Kariakoo zinapandishwa basi jioni unazipokea Nyegezi kesho yake. Pima na rula hapo hapo. Shingo ya kufunga kwa skrubu nayo pima upana wa kitako chake, ikiwa milimita 56 ni ya saizi ya Fender, maana yake hata shingo ikifa unapata nyingine. Iliyobandikwa kwa gundi haina huo msamaha.

Freti angalia tatu za mwanzo chini ya uzi wa pili na wa tatu, huko ndo zinalika. Mabonde madogo yanasawazishwa, ila zikishabaki bapa unahitaji kung'oa zote na kuweka mpya, na huku kwetu watu wanaoifanya hiyo kazi vizuri ni wa kuhesabu, ikishindikana unalisafirisha Dar. Hiyo gharama yote itoe kwenye bei kabla hamjashikana mikono.

Umeme ndo sehemu ninayoipenda. Chomeka kebo kwenye gitaa, fungua volyumu yote, ule mwisho mwingine wa kebo usiuchomeke kwenye ampli, weka mita kwenye omu: waya mmoja kwenye ncha ya jeki, mwingine kwenye shina lake, afu badilisha swichi pikapu moja moja, yaani zile sumaku zenye koili za waya chini ya nyuzi zinazochukua sauti. Pikapu ya koili mbili nyingi zinasoma kati ya kilo-omu 7 na 9, ya koili moja 5.5 mpaka 7. Ya koili mbili ikisoma nusu kuna koili imezimwa na swichi au imepiga shoti, isiposoma kitu kabisa au ikiruka mpaka mamia ya kilo-omu waya umekatika mahali, na kama fundi alizisuka mwenyewe hizo pikapu hutapata pacha wake, ila hapa sina presha sana maana shimo likiwa la saizi ya kawaida unaweka za kampuni kama Seymour Duncan au DiMarzio maisha yanaendelea. Volyumu ikikwaruza usiogope, unyevu na vumbi vinafanya hivo, dawa ya kusafishia kontakti inatosha, na ikigoma hata fundi redio wa mtaani anachomelea nyingine ilimradi umwambie ni ya kilo-omu 500 kwa koili mbili, 250 kwa koili moja.

Ukishachomeka kwenye ampli utasikia mngurumo. Shika nyuzi. Ukipungua ni kawaida, nyuzi zimeungwa na ethi. Usipopungua kwa nyuzi ila ukapungua ukishika jeki, waya wa kwenda kwenye briji umeachia, kazi ndogo. Lakini kabla hujalilaumu gitaa hamia soketi nyingine au nyumba nyingine, nyumba zetu nyingi tundu la ethi ni pambo tu, na ukihisi umeme unakutekenya vidoleni au mdomo ukigusa maiki chomoa kila kitu, hilo sio la gitaa na linaua.

Baada ya hapo omba kufungua kile kifuniko cha nyuma. Kwa la mzee nilikuta waya zimelazwa vizuri, risasi ya kuchomelea inang'aa, na kwa penseli kwenye mbao pameandikwa tarehe na namba inayofanana na ya nyuma ya kichwa. Namba kulingana ni nzuri kuliko risiti, kama ni shingo ya huku na bodi ya kule hapo ndo ingeumbuka. Nikapiga picha nikamuandikia fundi mwenyewe barua pepe, hawa watu wadogo ndo uzuri wao, hujibiwi na roboti. Akanijibu ni mbao gani, pikapu zipi aliweka, spana ya saizi gani, akauliza na Mwanza ni wapi. Kama fundi yupo hai na anajibu barua hiyo ni spea pia, tena kubwa.

Kuna watu watakutisha kuhusu mbao, eti roziwudi imepigwa marufuku. Ilikuwa hivi, Januari 2017 CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, waliweka jamii nzima ya Dalbergia, ndo miti ya roziwudi, kwenye masharti, na mpingo wetu ni wa jamii hiyo hiyo, lakini mwishoni mwa 2019 ala za muziki zilizokamilika zikaachiwa. Iliyobaki na masharti makali ni roziwudi ya Brazili. Kwahiyo gitaa la kawaida ukivuka nalo Kisumu kupiga shoo hiyo sio presha yako.

Malipo: mzee alianzia milioni mbili na nusu, nikamuonyesha freti, nikamuonyesha vichwa vya kukazia nyuzi viwili vinavyolegea, tukamaliza kwenye milioni moja na laki saba. Tuliandikishana kwenye karatasi, namba ya gitaa, namba za vitambulisho, mwenyekiti wa mtaa akasaini. Wengine wanaona aibu kumuomba mzee hivyo, ila magitaa yanaibwa makanisani na hiyo karatasi inakulinda wewe na yeye. Kama muuzaji yuko mkoa mwingine na anataka utume hela kwanza, tafuta mpigaji wa huko akakukagulie, umlipe hata elfu ishirini na nauli.

Ukishafika nalo nyumbani toa nyuzi kuukuu, huku ziwani unyevu na jasho vinazila haraka, weka mpya za 10 mpaka 46, tuni, liache lilale mpaka kesho ndo uguse trasrodi, robo mzunguko basi. Stendi ya gitaa yenye mpira usiiamini kama rangi ni ya nitro, mpira unaiyeyusha inabaki alama, funga kitambaa cha pamba. Na ile spana usiiache kwenye keisi ukiazimisha gitaa, maana kwaya za huku zinaazimana vifaa mpaka Sengerema.