Maswali na majibu: Nukta ikisimama katikati ya bahari

Novemba 2025 maharamia wa Kisomali waliivamia Hellas Aphrodite, meli iliyokuwa ikipeleka petroli kutoka Sikka, India, hadi Durban. Tangu hapo maswali yenu kuhusu meli za mafuta hayajakatika. Naanza na la mama mmoja, maana ndilo lililonigusa zaidi.

Mwanangu ni baharia kwenye meli ya mafuta. Alinifundisha kuitazama kwa simu. Walitoka Fujairah, bandari ya Falme za Kiarabu, kuelekea Durban, siku ya tatu ile nukta ikasimama katikati ya bahari. Usingizi sina. Wametekwa? (Mama, Likoni)

Shikamoo mama. Fungua tena hiyo simu, gusa ile nukta, usome saa ambayo taarifa ya mwisho ilipokelewa. Ukikuta ni ya jana au juzi, kilichosimama ni habari. Meli yenyewe yaelekea inakwenda.

Kila meli ya tani 300 na zaidi inayosafiri kimataifa hubeba mtambo uitwao AIS, unaotangaza mahali ilipo na mwendo wake kila baada ya sekunde chache, na jina lake kila baada ya dakika chache. Lakini hutangaza kwa redio, na mawimbi hayo hayafuati mviringo wa dunia. Mlingoti wa nchi kavu huyanasa maili 40 hivi za baharini, basi. Huko mbele zinabaki setilaiti, na programu nyingi za bure hazionyeshi taarifa za setilaiti mpaka ulipie. Kwa njia aliyopita mwanao, kimya cha siku kadhaa ni jambo la kawaida kabisa.

Akipiga simu, muombe namba ya ofisi ya kampuni inayoshughulika na familia, na namba ya IMO ya meli, yaani namba yake ya utambulisho. Hiyo ina tarakimu 7 na haibadiliki hata meli ikipewa jina jipya na bendera nyingine. Meli ikishambuliwa, kituo cha Uingereza cha usalama wa meli kiitwacho UKMTO hutoa tahadhari kwa umma. Tazama huko kabla ya kuamini sauti za WhatsApp. Na nakusihi mama, usisambaze kwenye magrupu mahali meli yake ilipo.

Meli ya mafuta ni kama mtaa mzima. Watu wachache kwenye boti ya fiba wanaitekaje? Na mafuta wanamuuzia nani? (Kijana, Tanga)

Hawamuuzii mtu. Wanachouza ni watu.

Kumbuka meli ya mafuta Sirius Star. Tarehe 15 Novemba 2008 ilitekwa zaidi ya maili 450 za baharini kusini-mashariki mwa Mombasa. Ilikuwa na urefu wa mita 330 hivi, imebeba mapipa milioni 2 ya mafuta ghafi na mabaharia 25. Wakaipeleka Harardhere, pwani ya Somalia, wakatia nanga. Iliachiwa Januari 9, 2009, baada ya fedha kudondoshwa kwa parachuti. Mafuta yalibaki kwenye matangi yake. Zaidi ya siku 50 watu 25 walikaa chini ya mtutu wakisubiri wenye meli wakubaliane bei na maharamia, na ndiyo sababu simpendi mtu anayesimulia habari hizi kama hadithi ya mashujaa wa boti ndogo.

Urahisi wa kuiteka unatokana na uzito wake. Meli ikishapakiwa huzama sana, sitaha ikawa karibu na maji, na mwendo wake ni maili 12 au 14 kwa saa. Boti ya fiba yenye injini mbili hukimbia mara mbili ya hapo, na wanachohitaji ni ngazi yenye kulabu.

Kama sisi tunaiona meli kwenye simu, maharamia nao si wanaiona? Kwa nini mtambo usizimwe? (Mwalimu, Zanzibar)

Nahodha ana ruhusa ya kuuzima akiona usalama umo hatarini. Katika Bahari ya Shamu wengi walizima kuanzia mwishoni mwa 2023, maana huko waliogopa makombora ya Wahouthi wa Yemen. Kwa maharamia wa Kisomali, mimi nipo upande wa wanaoacha mtambo ukiwaka, kwa sababu manowari ya kukuokoa nayo inakutafuta kwa nukta hiyohiyo. Utakuta meli nyingine, pale pa kuandika bandari iendako, imeandika kwamba ina walinzi wenye silaha. Sehemu hiyo hujazwa kwa mkono, kwa hiyo ni tangazo kwa yeyote anayechungulia.

Sisi wavuvi tunawaogopa maharamia na tunaziogopa meli. Tufanyeje? (Mvuvi, Pate)

Mzee wangu, bahari unaijua kunishinda. Kusi likikaza, boti zao ndogo haziwezi mawimbi ya mbali. Upepo ukilegea, wanatoka. Hofu yenu ina msingi: hupora majahazi ya uvuvi wakayafanya chombo mama, yaani chombo kikubwa cha kubebea boti zao ndogo hadi bahari ya mbali. Kabla ya Hellas Aphrodite walikuwa wameshateka jahazi la Iran. Mkiiona meli ya mafuta, msikate mbele yake wala msiikaribie kwa kasi. Walinzi walioko juu hawawezi kutofautisha chusa na bunduki kwa mbali.

Nimepata kazi kwenye meli ya mafuta. Mke wangu hataki. Niende? (Baharia, Dar es Salaam)

Kabla ya kutia saini, uliza kuhusu chumba cha kujifungia, kile mabaharia wanachokiita sitadeli. Kiwe na mlango wa chuma unaofungwa kwa ndani, maji na chakula cha siku kadhaa, na redio ya setilaiti yenye antena yake yenyewe. Mabaharia 24 wa Hellas Aphrodite walijifungia humo maharamia wakiwa juu ya sitaha. Bila mateka, maharamia hawakuwa na kitu cha kuuza. Manowari ya Hispania, Victoria, ilipofika siku iliyofuata, wote 24 walitoka wazima.

Wakala akishindwa kukujibu kuhusu chumba hicho, mkeo yuko sahihi.