Bodi nane zimegoma baada ya kuapdeti

SWALI: Fundi, shikamoo. Natengeneza vidhibiti vya mashine za kuangulia vifaranga, kila kimoja na bodi ndogo yenye chipu ya ATmega328P. Miaka yote nimetumia toleo moja la programu ya kuandikia kodi, la zamani kweli, bila shida. Mwezi uliopita nilibadilisha kompyuta nikaweka toleo jipya. Tangu siku hiyo bodi zangu nane hazipokei kodi: inajaribu mara kumi, kisha naambiwa bodi haijibu. Nimenunua kebo mpya, nimefuta draiva na kuiweka tena, wapi! Cha ajabu, bodi niliyonunua juzi inapokea, ila mota ya kugeuza mayai, iliyokuwa ikizunguka sekunde tatu, sasa inashtuka tu na kusimama. Kodi sijagusa hata nukta. Je, chipu zimekufa?
Mgeuza Mayai

JIBU: Marahaba, Mgeuza Mayai. Chipu zako ni nzima, na hiyo kebo mpya iweke akiba. Balaa hili liliponikuta mimi, nilitupa kebo mbili nzima kabla ya kuishuku programu, na bado zinaniuma.

Ndani ya kila bodi mmekaa programu ndogo, butiloda. Bodi ikiwashwa upya, butiloda ndiyo ya kwanza kuamka. Hutega sikio kidogo kama kompyuta ina kodi ya kuleta, isiposikia kitu inaiachia kodi iliyopo iendelee. Sasa, butiloda ya bodi zako nane husikiliza kwa kasi ya biti 57,600 kwa sekunde. Ya bodi za siku hizi ni 115,200, mara mbili kamili. Toleo jipya limechukulia kwamba kila bodi ni ya siku hizi, basi linawaharakishia maneno wazee wako nao wanasikia mvumo tu. Ndiyo maana ile ya juzi imeitikia. Fungua menyu ya vifaa, pale pa kuchagua prosesa: utakuta chipu yako imeandikwa zaidi ya mara moja, na mojawapo imetajwa kuwa ya butiloda ya zamani. Chagua hiyo.

Najua utatamani kuzichoma zote (yaani kuziandikia) butiloda mpya kupitia zile pini sita za kwenye bodi, zinazoifikia chipu moja kwa moja bila USB. Faida ipo: ya zamani inakalia baiti 2,048 za flashi, kumbukumbu ya chipu inayohifadhi kodi, mpya 512 tu, hivyo nafasi ya kodi inapanda kutoka 30,720 hadi 32,256. Lakini kodi ya kugeuza mayai imejaa kiasi hicho? Mimi nisingezigusa. Tena ukipakia kodi yenyewe kwa pini hizo, butiloda hufutika, na hapo bodi itakataa USB kwelikweli.

Kuhusu mota, hapo naomba nikukaripie kidogo. Nakisia ulipoteza zile sekunde tatu kwa kitanzi kinachohesabu namba bila kufanya lolote. Kompaila, ile sehemu ya programu yako inayogeuza kodi kuwa lugha ya chipu, katika toleo la zamani ilikuwa ikikivumilia. Mpya ikikutana na kitanzi tupu inaona hakina kazi, inakiondoa. Kodi hukuigusa wewe, imeguswa na kompaila. Pima muda kwa millis, inayohesabu milisekunde tangu bodi iwake. Na mota ikizunguka utaendelea kusoma joto, jambo ambalo kitanzi chako hakikukuruhusu.

Ile kompyuta ya zamani usiigawe bado. Kama toleo lile limo, itumie kutoa faili la HEX, yaani kodi yako inayofanya kazi ikiwa imeshageuzwa kuwa lugha ya chipu. Faili hilo hupakiwa kama lilivyo, kompaila mpya hailipitii kabisa, nawe unaandika upya sehemu ya mota bila presha. Kama kuna mayai ndani ya mashine leo, yageuze kwa mkono.