Mwanangu katoka Chuo cha Mafunzo, kazi hapati

SUALI: Asalaam alaykum Shangazi. Mimi ni mama, nipo Wete. Mwanangu ana miaka 20, alifungwa miezi minane Chuo cha Mafunzo, yaani jela, kwa wizi wa simu, skuli ikakatikia fom 3. Tangu katoka kila anapoomba kazi wakishajua alikuwa Chuo wanamwambia tutakupigia, basi ndo kimya. Sasa anataka kwenda Nungwi kutafuta kazi ya hoteli, wenzake wamwambia afiche, aseme alikuwa kwa mjomba wake Tanga. Nimwache?

JAWABU: Waalaykum salaam mama, pole sana. Usimwache adanganye. Wakitaka hati ya tabia njema ataenda polisi kuchukuliwa alama za vidole, na hapo uongo wa Tanga umeshakwisha, afukuzwe kwa wizi wa zamani na uongo wa leo.

Na hayo si ya mwanao tu. Mtafiti mmoja Marekani, Devah Pager, aliwatuma vijana wakaombe kazi mji wa Milwaukee, sifa zao sawa ila wengine walisema washafungwa. Matokeo yalitoka 2003: weupe wasio na rekodi walipigiwa simu 34 katika kila 100, wenye rekodi 17, weusi 14 na 5. Inauma. Lakini baadae, New York, yeye na wenzake wakaona kitu mi nakishikilia sana, yule aliyepata kukaa na mwajiri wakazungumza ana kwa ana, lile doa lilimpungukia uzito.

Kwa hiyo asitume barua tu akangoja simu, aende mwenyewe, na aanze hapo hapo Pemba kwa fundi anaemjua tangu mdogo, awe wa uashi au wa umeme, hata kama mwanzo analipwa nauli na chakula, maana kilichompotea zaidi ni ile fom 3 na muda wa kujifunza kazi. Kaulizieni pia kituo cha Mafunzo ya Amali, pale wanapofundisha ufundi, Vitongoji, kuhusu nafasi. Akishakaa kwa fundi miezi kadhaa huyo ndo atakaemsemea akienda Nungwi, na sheha nae mwende mkamuone mapema kabla hamjahitaji barua yake.

Akiulizwa aseme kwa ufupi: niliiba, nikafungwa, nimetoka, fundi wangu namba yake hii. Anyamaze hapo, asijitetee sana.

Na wewe mama, akichelewa kurudi usiku usimtajie ile simu.