Maswali ya Wasomaji: Imamu Nyumbani kwa Askofu

SWALI: Mhariri, mwanangu amerejea kutoka Jamhuri ya Afrika ya Kati, alikokuwa katika kikosi chetu cha kulinda amani huko Berbérati. Anasema Waislamu na Wakristo walichinjana, na sasa wanaambiwa wapatane. Je, masheikh na maaskofu wanaweza kweli kuwapatanisha watu waliotendeana hivyo, au ni maneno ya jukwaani tu? (Mama wa mlinda amani, Tanga)

JIBU: Shikamoo Mama, na hongera kwa kumpokea mwanao salama. Aliyoyasikia ni kweli, ila si yote. Machi 2013 waasi wa Séléka, ambao wengi wao walikuwa Waislamu, walimpindua Rais François Bozizé na kuwatesa raia. Kisha makundi ya anti-balaka, yaani wanamgambo ambao wengi wao hawakuwa Waislamu, yakainuka kulipiza kisasi, na mtu akawa anauawa kwa jina lake au kanzu aliyovaa. Hata hivyo, vita hivyo havikuanzia msikitini wala kanisani. Vilitokana na kugombea madaraka na almasi, pamoja na kinyongo cha mikoa ya kaskazini mashariki iliyosahauliwa na serikali kwa miaka mingi, na dini ikashikwa baadaye kama alama rahisi ya kumtambua adui.

Kuhusu viongozi wa dini, ningependa ufikirie nyumba moja ya Bangui, mji mkuu wa nchi hiyo. Desemba 2013, mji ulipokuwa ukiwaka, Imamu Oumar Kobine Layama, aliyekuwa kiongozi wa Waislamu nchini humo, hakuweza tena kulala kwake. Askofu Mkuu Dieudonné Nzapalainga alimchukua pamoja na familia yake, akawahifadhi katika makao yake kwa miezi kadhaa, akijua fika kwamba wenye silaha wakija kumtafuta mgeni huenda wasimbakize mwenyeji. Wawili hao, pamoja na Mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou, kiongozi wa makanisa ya kiinjili, walizunguka mikoani wakihubiri amani, na waliowasikiliza walijua kwamba maneno yao yametanguliwa na matendo. Huko Boali padri alifungua kanisa lake kwa mamia ya Waislamu, wakalala humo. Hata Berbérati, alikokuwa mwanao, Waislamu walipata hifadhi katika makao ya askofu mwaka 2014.

Novemba 2015 Papa Francis alifika Bangui na kuingia msikiti wa Koudoukou, katika mtaa wa PK5 ambao Waislamu walikuwa wamezingirwa humo. Ziara hiyo ilileta utulivu mkubwa, lakini haikumaliza vita: Mei 1, 2018 kanisa la Fatima, jirani na mtaa huohuo, lilishambuliwa wakati wa Misa, na padri akawa miongoni mwa waliouawa.

Ndiyo maana, Mama, nasema viongozi hawa wanaweza kuwazuia watu wasiuane na kuwakutanisha waliokimbiana, lakini hawawezi kusamehe kwa niaba ya mzazi aliyezika mtoto wake, wala haifai kumharakisha mzazi huyo. Yeye anadai haki, na ana haki ya kuidai. Mahakama Maalumu ya Jinai ya Bangui, yenye majaji wa humo nchini na wa kigeni, ilitoa hukumu yake ya kwanza Oktoba 2022, miaka saba tangu sheria ya kuianzisha ipitishwe. Mwendo huo ni wa polepole mno kwa anayesubiri. Kuna pia suala la makazi, ambalo kwa maoni yangu halizungumzwi vya kutosha. Mtu aliyekimbilia Kamerun au Chadi akirudi, akakuta mabati ya nyumba yake yameezekwa kwa jirani, hotuba ya upatanisho haitamsaidia mpaka mtu mwenye kuheshimiwa na pande zote mbili aketi nao wawili, wazungumzie mabati hayo.

Mwanao akipata utulivu wa kusimulia, mwulize kama aliona waliokimbia wakirudi Berbérati, na ni nani aliyewapokea siku ya kwanza.